Mzee Donatus Kamili Masele na Wale Sita Waliokosekana

"Mwanafunzi akishaingia bwenini kwangu, hata dini yake iwe na waumini wanne, hatapungukiwa na kitu!"

Maneno hayo Marehemu Mzee Donatus Kamili Masele aliyatamka hadharani tarehe 1 Mei 1971, Songwa, akiwa amesimama juu ya kreti la soda kwa kuwa Mungu hakumjalia kimo. Watu walipiga makofi. Mkewe, Mama Salvina, hakupiga. Alikuwa ameishi naye karibu miaka ishirini.

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Februari 1926 huko Ushirombo, mtoto wa tatu wa Mzee Kamili Masele na Mama Melania, wakulima waliokwenda Misa hata siku ng'ombe walipopotea. Alibatizwa juma hilohilo, maana bibi yake alimtazama akasema, "Mpelekeni upesi, huyu hakai." Alikaa miaka sitini na moja, na muda mwingi alikuwa akiongea.

Alisoma shule ya misheni Ushirombo kuanzia mwaka 1935 hadi 1941, akaishia darasa la sita. Kisha alipelekwa seminari ili awe padre. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba aliacha seminari. Walimu wake walisimulia kwamba alirudishwa nyumbani, kwa kosa la kuchekesha wenzake wakati wa kimya kitakatifu.

Mwaka 1948 aliajiriwa kuwa karani wa pamba katika chama cha ushirika. Tarehe 23 Juni 1951 alifunga ndoa na Salvina, ambaye alimkubali mara ya pili kuombwa. Ya kwanza, alieleza Mama, hakuwa na hakika kama yule kijana anaposa au anatania. Mwaka 1964 Marehemu alihamia Songwa na kuwa mlezi wa bweni walilofikia wanafunzi wa chuo kikuu waliokuja kujifunza kazi kwa vitendo.

Hapo ndipo walipomkuta, mwaka 1970, vijana wanne Wayahudi kutoka Dar es Salaam: wavulana wawili na wasichana wawili, na aliyekuwa mbele yao ni binti aitwaye Tirza. Walikuwa Wayahudi wa mkondo wa kimaendeleo, ambako binti huhesabiwa sawa na kijana na husoma maandiko mbele ya watu. Marehemu alishtuka. "Yasifike kwa Salvina hayo," alimwambia Tirza. "Akitaka kusoma Injili Jumapili, paroko ataniita mimi."

Lakini aliwapa chumba cha stoo kwa ibada ya Ijumaa jioni, akatoa magunia, akapaka chokaa. Mama Salvina aliwaokea mkate wao wa Sabato, wa kusukwa kama nywele za binti. Nguruwe wa jirani, aliyezoea kujikuna kwenye ukuta huo, alihamishwa baada ya majadiliano marefu, na jirani hakumsalimia Marehemu mpaka Krismasi. Vijana walimwita Baba. Ndiyo maana siku ya Mei Mosi kichwa kilikuwa kikubwa kuliko kreti.

Tarehe 9 Novemba mwaka huohuo ililetwa simu ya maandishi. Mama yake Tirza amefariki alfajiri hiyo, Johannesburg. Tirza alikuwa amekimbia Afrika Kusini kwa sababu ya siasa za ubaguzi. Angekanyaga kule angekamatwa. Kuzika hakuweza. Kilichobaki ni sala moja ambayo mtoto humwombea mzazi aliyekufa, akiwa amesimama kati ya Wayahudi kumi.

"Mpo wangapi?" Marehemu aliuliza.

"Wanne, Baba."

"Basi bado sita. Nipe mpaka jioni."

Alipanda baiskeli. Mkoa wa Shinyanga una watu wa kila namna, lakini siku hiyo Marehemu hakumpata Myahudi hata wa kupita njia. Jioni alirudi akiongoza watu sita wenye nguo safi, mbele yao Mama Bhoke, shemasi wa kanisa la Wasabato.

"Tumekuja kujazia," akasema Mama Bhoke. "Jumamosi tunaishika, nguruwe hatuli. Mnataka nini tena?"

Mmoja wa wale vijana wanne, Yoeli, alijibu kwa adabu, "Shikamoo, Mama. Asante sana. Lakini ni jambo la agano na ukoo. Hamuwezi kuhesabiwa."

"Marahaba. Basi tuingizeni kwenye ukoo, bado jua halijazama."

"Inachukua mwaka au zaidi, Mama."

"Hata kwetu Wakatoliki ubatizo wa wakubwa ni vivyo hivyo," Marehemu aliingilia, kana kwamba hilo lilimsaidia mtu.

Yoeli akamgeukia Tirza. Akamwambia kwamba katika mkondo wao wapo wanaoisema sala hiyo hata wakiwa wachache, na hakuna wa kuwalaumu.

"Mama hakuwa wa mkondo wetu," Tirza akasema. "Mama angehesabu vichwa."

Hapo Marehemu aliingia ndani akatoka na picha ya Karamu ya Mwisho, iliyokuwa ukutani tangu harusi yake. "Hawa hapa. Wote Wayahudi halali, na ni zaidi ya kumi."

"Lazima wawe hai, Baba."

Marehemu aliitazama picha. "Huyu wa katikati, sisi tunasema yu hai."

Tirza alicheka. Alicheka mpaka akaishiwa nguvu, akaketi chini, na kicheko kikageuka kilio ambacho hakuna aliyejua afanye nini nacho. "Ni mmoja tu, Baba," alisema. "Hata akija, tuko watano."

Wasabato hawakuondoka. Mama Bhoke alitandika mkeka. "Kuhesabiwa hatuhesabiwi," alisema, "lakini kukaa hakuna aliyetukataza." Wakakaa, kama inavyokaliwa misiba yetu, chini, bila hotuba. Marehemu peke yake alibaki amesimama mlangoni na picha yake mkononi.

"Nimeshindwa," alisema.

"Kaa chini, Baba Epifania," akasema Mama Salvina. "Unaziba upepo."

Sala ile haikusemwa. Tirza alikaa msiba wa mama yake hadi mwisho, bweni zima likampikia, na bado haikusemwa. Marehemu hakupanda tena kwenye kreti.

Vijana waliondoka mwaka 1973. Siku ya kuagana Tirza alimweleza kwamba kila mwaka, siku ya kifo, kwao huwashwa mshumaa mmoja unaowaka usiku na mchana. "Huo nao unataka watu kumi?" aliuliza Marehemu. Akajibiwa hapana, hata mmoja anatosha. "Hiyo naiweza," alisema.

Kuanzia hapo kila tarehe 9 Novemba aliuwasha. Mishumaa yetu haikeshi, kwa hiyo aliwasha mmoja kwa moto wa mwingine, akiiweka karibu na sanamu ya Bikira Maria, na paroko alipouliza alijibu, "Huyu naye ni wa kwao, Padre. Ataelewa." Mwaka 1984, mishumaa ilipoadimika hata kwa walanguzi, aliwasha koroboi, akaiomba radhi Johannesburg yote. Barua za Tirza zilikoma mwaka 1978. Marehemu aliandika tena, akaandika tena. Hatujui alipo.

Marehemu alistaafu mwaka 1981 na kuhamia hapa Nyasubi, Kahama. Machi 1986 miguu ilianza kuvimba. Hospitalini walisema ni figo, na kwamba mashine ya kusaidia haipo mkoani wala mkoa wa jirani. Tulimpeleka, tukamrudisha. Tulimpa dawa za mizizi alizotukana jina kwa jina. Mwezi uliopita, alipokuwa hawezi kugeuka bila kushikwa, mwanawe Leodgar alimuuliza anataka nini. Sote tuliinama kusikiliza, tukidhani ni padre au ni shamba.

"Mshumaa mmenunua?"

Hakuna aliyekuwa amenunua. Tulimwambia tumenunua. Alitutazama mmoja mmoja, kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi waliochelewa kurudi bwenini, akasema, "Waongo nyie," akafumba macho. Alifariki nyumbani tarehe 6 Novemba 1987, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama Salvina.

Marehemu ameacha mjane, Mama Salvina. Watoto watatu, Epifania, Leodgar na Sikujua. Wajukuu, wengi wao wakiwa na mdomo wake. Mama Bhoke, ambaye leo amefika kutoka Songwa na amekaa chini bila kuambiwa. Na Tirza, popote alipo, ambaye hana habari kwamba amefiwa tena.

Mungu ampokee mlezi wetu, ampe kiti, asimame mtu mwingine mlangoni. Apumzike kwa amani, Baba.

Kesho ni tarehe 9 Novemba. Dukani kwa Theonest, hapa Nyasubi, mshumaa mmoja ni shilingi kumi na tano.