Ngozi Haimwagiliwi Juu

BABU SUNGURA: Haloo? Haloo! Nani mwenzangu? Kioo cha simu kimepasuka, majina siyaoni.

FUNDI: Ni mimi, Babu. Fundi wako wa maabara. Shikamoo.

BABU SUNGURA: Marahaba, mwanangu! Si daktari kakuambia ulale mpaka ujifungue?

FUNDI: Nimelala. Kwani simu inapigwa kwa miguu?

BABU SUNGURA: [anacheka] Na huyo wa tumboni?

FUNDI: Anapiga mateke utadhani kafungiwa mlango. Babu, ngozi zangu vipi?

BABU SUNGURA: Zipo. Zinakula.

FUNDI: Mlio gani huo?

BABU SUNGURA: Upi?

FUNDI: Huo unaonguruma. Mtandao haungurumi hivyo.

BABU SUNGURA: [mlio unakoma] Mashine ya kunyolea.

FUNDI: Unamnyoa nani Jumapili?

BABU SUNGURA: Sungura, nani mwingine? Meneja kanipigia. Kesho wale wageni wa dawa ya kupaka wanakuja. Kasema dawa yao itajaribiwa kwenye ngozi zako, lakini zikivuja, ipakwe kwa sungura kama siku zote. Kwa hiyo migongo iwe mitupu leo hii.

FUNDI: Zikivuja? Nani kasema zitavuja? Nimehangaika na ngozi hizo tangu hazionekani kwa macho! Nimezikuza kutoka kwenye vijipande vya ngozi za wagonjwa waliopasuliwa, nime—

BABU SUNGURA: Mimi nimetumwa tu, mwanangu—

FUNDI: Amezitoa wapi habari za kuvuja?

BABU SUNGURA: Jana alichungulia kabati la joto. Akasema mbona zimelowa.

FUNDI: Zimelowa wapi?

BABU SUNGURA: Labda ni mvuke tu.

FUNDI: Babu. Ile juisi ya kuzilisha, unaiweka wapi?

BABU SUNGURA: Chini ya vile vikombe vya matundu vinavyoshika ngozi. Kama ulivyonielekeza.

FUNDI: Chini tu?

BABU SUNGURA: Chini... na juu kidogo.

FUNDI: Juu! Mungu wangu! Babu, nilikuambia nini siku ile? Chini zile, juu zipigwe na hewa! Ngozi ikiloweshwa haikomai. Inabaki laini, kila unachoipaka kinapenya. Sasa hiyo ni ngozi au chujio?

BABU SUNGURA: Zilikuwa kavu, mwanangu. Zimekakamaa kama visigino vyangu. Nikazionea huruma.

FUNDI: Ndivyo zinavyotakiwa! Ule ukavu ndio unaozuia— ngoja, nesi anapita. [ananong'ona] Ndiyo, shangazi, usingizi mtamu, wewe je... [hatua zinafifia] Ameenda. Babu, niambie ukweli.

BABU SUNGURA: Upi tena? Nimeshasema.

FUNDI: Uliniahidi. Wenzangu wote wako likizo, nikakuachia wewe kwa kuwa sungura wanakula hata Jumapili, na wewe huko hukosekani. Lakini meneja alisema mbele yako: ngozi zikifaulu, banda la sungura linafungwa. Na banda ni wewe. Au ulitaka zivuje, Babu?

[Mtandao unakwaruza.]

FUNDI: Babu? Upo?

BABU SUNGURA: Nipo. Umemaliza?

FUNDI: Mimi nimeuliza tu—

BABU SUNGURA: Kuna yule wa sikio moja, unamjua. Nikiwasha mashine tu, anajibanza nyuma ya sahani ya maji. Nikimtoa, moyo wake unadunda hapa, kwenye kiganja changu. Nyinyi mkishapaka dawa mnaondoka na karatasi zenu. Mimi ndiye ninayelala banda la pili nikiwasikia wanavyokwaruza waya kwa kuwashwa. Nilitaka ngozi zako zinenepe, mwanangu. Zifaulu, hawa wapumzike. Ndiyo maana nikazidisha. Wema wangu umeniponza.

FUNDI: Nisamehe, Babu. Mdomo umetangulia akili.

BABU SUNGURA: Yamekwisha. Tunafanyaje?

FUNDI: Umevaa nini?

BABU SUNGURA: Koti la banda.

FUNDI: Livue. Manyoya yakiingia chumba cha ngozi tumekwisha. Nawa mpaka kwenye viwiko, vaa koti jeupe na glavu, simu iache nje ya mlango wa kioo, uweke sauti kubwa.

BABU SUNGURA: [maji yanamwagika, mlango] Haya. Nakusikia kama uko kisimani.

FUNDI: Kwenye friji kuna kichupa cha rangi ya buluu. Kisahani kitie maji safi, juu yake weka kikombe kimoja cha ngozi. Halafu tone moja la rangi, juu ya ngozi. Moja tu! Usiwe na huruma.

BABU SUNGURA: Unanichokoza. [kichupa kinafunguliwa] Nimeweka.

FUNDI: Maji ya chini yakoje?

BABU SUNGURA: Meupe.

FUNDI: Subiri.

BABU SUNGURA: Meupe bado. Me— lo!

FUNDI: Nini?

BABU SUNGURA: Yameanza. Michirizi. Sasa yamekuwa buluu yote.

FUNDI: [anavuta pumzi] Jaribu nyingine.

BABU SUNGURA: [vikombe vinagongana] Hii nayo. Imevuja upesi kuliko ya kwanza. Mwanangu, unalia?

FUNDI: Silii. Kaendelee kunyoa, Babu. Hakuna jinsi.

BABU SUNGURA: Kuna jambo sijakuambia. Usinifokee.

FUNDI: Sina nguvu hizo.

BABU SUNGURA: Zile za sinia la chini, ulizoziita za akiba. Niliona juisi itapungua, nikasema hizi ni za akiba tu, zitavumilia. Zimepata ya chini basi. Juu sijazipa hata tone. Nilikuwa nakuficha.

FUNDI: Babu!

BABU SUNGURA: Nimesema usinifokee—

FUNDI: Zipime! Zipime sasa hivi! Ziko ngapi?

BABU SUNGURA: Sita. Ngumu kama ganda. Haya... tone moja.

FUNDI: Enhe?

BABU SUNGURA: Meupe.

FUNDI: Usiyatikise.

BABU SUNGURA: Sijayagusa. Meupe bado.

FUNDI: Tazama pembeni ya kikombe, ndipo panapoanzia.

BABU SUNGURA: Rangi imekaa juu kama mvua kwenye bati. Chini hakuna kitu. Maji yangeweza kunyweka.

FUNDI: [anacheka na kulia] Sita zinatosha! Zinatosha kabisa! Zirudishe kabatini, na ole wako uzimwagilie. Nampigia meneja mimi mwenyewe. Yule wa sikio moja umeshamnyoa?

BABU SUNGURA: Nusu mgongo.

FUNDI: Abaki hivyohivyo.

BABU SUNGURA: Wenzake watamcheka. Watasema kinyozi alikimbia deni. [anacheka] Ngoja nimpe karoti ya fidia.

FUNDI: Babu.

BABU SUNGURA: Naam.

FUNDI: Kesho zikifaulu, banda linafungwa. Wewe je?

BABU SUNGURA: Nini? Mtandao huo, mwanangu.

FUNDI: Mtandao uko sawa. Nauliza, utakwenda wapi?

BABU SUNGURA: Lala, mama. Mpumzishe mtoto. Tutaongea siku nyingine, salio linaniishia.

FUNDI: Babu, aliyepiga ni mimi.

[Kwa mbali, sungura wanakwaruza waya.]

BABU SUNGURA: Haya, mwanangu. Haya. Kwaheri.

FUNDI: Babu? Haloo?