Tovuti Isiyo na Picha ya Mkurugenzi

Benchi letu liko Xiaobei, hapa Guangzhou, China, nyuma ya jengo la Tianxiu, pale malori madogo yanapopakia mizigo. Si benchi hasa, ni ubao juu ya maboksi mawili ya vigae, lakini ukishakaa hapo una haki ya kusema lolote. Kahawa naipika mimi, tangawizi nyingi, kwa hiyo nasikia kila upuuzi wa mtaa huu na hakuna anayenilipa kwa kusikia. Siku hiyo walikuwapo wawili: Msabaha, wakala wa kusafirisha mizigo, tunamwita Kontena, na Kamande wa Nairobi, mnunuzi wa chaja, tunamwita Waya. Alasiri akafika Safia kutoka soko la nguo la Shahe na kiroba cha mashati, akakaa bila salamu. Tukajua kuna jambo.

Safia: Kizimba changu cha sokoni kwetu kinaondoka, jamani. Soko jipya limekwisha kujengwa, wenye vizimba vya zamani tunatakiwa kujihakiki. Mwisho leo adhuhuri ya kwetu, huko bado ni asubuhi, wasiojihakiki vyao wanapewa wengine. Mama kaenda ofisini, kaambiwa mwenyewe aje, au aingie kwenye tovuti ya halmashauri. Na VPN yangu, ya kufungulia tovuti za nje, imekufa tangu asubuhi.

Waya: Bila VPN, dadangu, sahau. Juzi nilifungua ya ofisi moja kubwa kwetu. Bosi anatabasamu, bendera inapepea, halafu kila kitu kinaganda. Nimeota mvi nikingoja.

Kontena: Kama kubwa hazifunguki, sembuse ya kihalmashauri? Hapo meiyou, kama wanavyotujibu madukani. Hakuna.

Nikamwambia Safia ajaribu tu, hawa wawili hawajawahi kupatia hata hali ya hewa. Akagusa. Ikafunguka kabla sijajaza kikombe. Ukurasa mweupe, maandishi meusi, basi.

Waya: Wasee! Mkurugenzi yuko wapi?

Mimi: Labda yuko kazini.

Ukurasa ukataka namba ya kizimba cha zamani. Safia hakuwa nayo kichwani, akamtumia mama yake, Bimkubwa, ujumbe wa sauti kwa WeChat aitafute. Kizimba hicho ndicho kinachosomesha wanawe. Tukingoja, Kontena akausogeza ukurasa kwa kidole hadi chini kabisa, akasoma: "Kodi ya seva na jina la tovuti hii kwa mwaka ni shilingi laki nne. Fedha ni zenu."

Kontena: Laki nne! Mwaka mzima! Kariakoo hupati hata fremu ya kuweka ndoo.

Waya: Ofisi moja kwetu walilipa pesa ya kununua ploti. Tai gui le! Ghali, na bado haifunguki.

Kontena: Mimi nimeshaelewa. Wameshea kontena. Wanalipia nafasi ya mzigo wao tu, hawajakodi meli nzima ya kubebea bahasha.

Waya: Si hivyo, buda. Haina picha, haina muziki. Ni kama msafiri mwenye kimfuko cha mkononi, forodhani hakuna anayemwambia fungua.

Kontena: Basi na seva yenyewe wameiweka mochwari. Kule kuna baridi ya bure. Ndiyo maana wahenga wakasema, mficha uchi hazai.

Mimi: Uchi na seva wapi na wapi?

Kontena: Si imefichwa?

Waya: Mnajisumbua. Seva iko hapa hapa Xiaobei, kwa kinyozi ghorofani. Ndiyo maana inafunguka haraka. Haba na haba hujaza kibaba.

Safia: Nyamazeni! Mama kajibu!

Bimkubwa hana haraka duniani. Alianza na salamu, akatuuliza afya mmoja mmoja, akaeleza mvua, ndipo akaitaja namba. Safia akaiandika, akabonyeza. Tukainamia simu, vichwa vikagongana.

"Umehakikiwa. Kizimba ni chako. Karibu sokoni."

Safia akalia pale pale, na mimi nikajifanya moshi wa jiko umeniingia machoni. Nasema wazi, nilijisikia fahari. Ofisi ya kwetu ilikuwa imemfuata mtu wake hadi Guangzhou, kwa bei ya marobota mawili ya nguo, na haikumwambia njoo kesho.

Safia akafungua kiroba, akachagua shati zuri kuliko yote, la bluu.

Safia: Hili ni la aliyetengeneza kitu hiki. Kontena, liende na mzigo wa leo.

Kontena akalifunga kwenye nailoni, akatoa kalamu ya wino mzito anayoandikia majina ya wenye mizigo. Wakati huo alikuwa amesimama kando binti mmoja mgeni, Abigail, ameshuka kwenye ndege asubuhi, anasubiri kahawa yake.

Abigail: Samahanini. Huyo aliyeitengeneza anaitwa nani?

Kontena akamtazama Safia. Safia akamtazama Waya. Wa ofisi za kwetu tunawajua kwa majina, kwa ukoo na kwa vijiji, wote waliowahi kutula pesa. Tungeweza kumtajia hadi magharibi. Huyu mmoja wa kumshukuru, hakuna aliyemjua hata jina. Kontena akabaki ameishika kalamu juu ya nailoni tupu, na dereva wa lori akaanza kupiga honi.