Mama Njiapanda Anatuachia Meza

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Mama Njiapanda wa kitengo chetu cha kutafuta hitilafu anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Kamati ya sherehe ilimwomba mwandishi wa wasifu huu aandike kwa kuwa meza yake na ya Mama zimepakana miaka mingi, na ikasisitiza aandike kwa moyo mweupe. Mwandishi amejitahidi. Panapoonekana weusi kidogo wasomaji wamvumilie, maana kukaa jirani na mtu anayependwa na kila mtu si kazi nyepesi.

Alianza kama mjaribu programu. Kazi yake ilikuwa kubonyeza vitufe mpaka kitu kiharibike, kisha kumfuata aliyekiandika na kumwambia kimeharibika. Ni kazi ya kuchukiwa. Yeye alipendwa. Waandishi wa programu, watu wanaotetea mistari yao kama mama anavyomtetea mwanawe, walikuwa wakimletea karanga. Mwandishi alifanya kazi hiyohiyo baadaye na hakuletewa hata ganda.

Jina la Njiapanda alilipata kwa haki. Programu yoyote imejaa njia panda: tangi likijaa pita huku, lisipojaa pita kule. Ikikwama, swali huwa moja tu: ilipita wapi kabla ya kukwama? Sisi wengine tulizoea kuweka mistari ya kuchapa ujumbe kila kona, ili programu itangaze ilipofika. Yeye ndiye aliyetuonyesha kwamba prosesa yenyewe, ule ubongo wa kompyuta, inaweza kuandika kimyakimya, kila inapofika njia panda, imegeukia upande gani. Uwezo huo sote tulikuwa nao, umelala ndani ya kompyuta zetu. Ila yeye alikisoma kitabu cha watengenezaji wa prosesa mpaka mwisho, akikifurahia kama mtu anayesoma umbea wa mtaani. Wafanyakazi wapya wakisikia jina lake walidhani ni mganga, na wengine walikaa wiki nzima kabla ya kumsogelea. Hao ndio pekee waliowahi kuanzia kwenye meza ya mwandishi.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha pampu. Programu yetu ndiyo inayoendesha pampu za maji za mji, na ilifika wakati ikawa inazizima asubuhi bila sababu. Mwandishi aliitwa kwanza. Akaweka mistari yake ya kuchapa ujumbe, na hitilafu ikatoweka. Akapongezwa, hata akanunuliwa soda. Mistari ilipoondolewa, hitilafu ikarudi na mabomba yakakauka upya. Kumbe kuchapa ujumbe kunaichelewesha programu kidogo, na hitilafu nyingine hutokea penye haraka tu. Prosesa ikijiandikia njia yake yenyewe, programu haichelewi kiasi cha kuificha hitilafu. Soda ilikuwa imeshanyweka, basi.

Mama Njiapanda aliwasha uandishi wa prosesa na kutoa sharti moja: programu ikikwama, asitokee mtu wa kuizima na kuiwasha upya. Nafasi inayotunza njia ni ndogo, na nyayo mpya hufuta za zamani. Pampu ziliposimama, simu zililia chumba kizima, mkurugenzi akaingia na jasho lake, na fundi wa pampu akawa keshanyoosha kidole kwenye kitufe. Alikuta kitufe kimefunikwa kwa mfuniko wa kopo la siagi, umebandikwa kwa gundi ya karatasi. Mama akamwambia, kwa upole wake ule unaoudhi, kwamba waliokosa maji tangu alfajiri wanaweza kuvumilia muda wa kikombe kimoja cha chai, na kwamba kikombe chenyewe ni cha kwake. Fundi akacheka. Angekuwa mwandishi ndiye aliyesema hayo, leo wasifu huu ungeandikwa na mtu mwingine.

Chai haijaisha, njia ikaonekana kwenye kioo. Sehemu moja ya programu hupima kina cha tangi, na nyingine husoma jibu. Asubuhi hizo msomaji huyo wa ndani ya programu aliwahi kabla ya jibu kuandikwa, akakuta sifuri, akaamini tangi limekauka. Akageukia njia ambayo sote tuliapa haipitiwi, akazima pampu zisije zikaungua. Ikaulizwa ni nani aliyeiandika sehemu hiyo. Mama Njiapanda akainuka, akasema mbele ya mkurugenzi kwamba ni yeye, kwa mkono wake huu. Akapigiwa makofi. Sisi wengine tukikosea tunaitwa ofisini na mlango unafungwa. Siku hiyo wivu ulimkaa mwandishi kooni, na soda hakuwa nayo tena ya kuushushia.

Tangu hapo utaratibu wake ndio utaratibu wa kitengo. Amefundisha vikundi kwa vikundi, na wanafunzi wake wametapakaa ofisi nyingine ambako, tunaambiwa, nao wanafunika vitufe. Kasoro anazo, na haki itendeke zitajwe. Anaimba chinichini akisubiri kompyuta, wimbo mmoja, usio na mwisho. Anakula karanga za jirani akidhani ni zake. Mkurugenzi akija kumsalimu hupita kwenye meza ya mwandishi kana kwamba anapita kwenye kabati. Mumewe, mwalimu mstaafu, humsubiri getini kila jioni na mwavuli, jua liwake lisiwake. Mke wa mwandishi naye ameshauliza zaidi ya mara moja kwa nini mazungumzo ya chakula cha jioni lazima yawe ya mwanamke mmoja huyohuyo.

Ukweli ni kwamba miaka yote hiyo mwandishi alitaka kitu kimoja: na yeye aonewe wivu, japo mara moja, na mtu anayeijua kazi hii. Mwandishi alipotangaziwa na mkurugenzi kwamba meza ya Mama Njiapanda itakuwa yake, alidhani mambo sasa yamenyooka. Wiki iliyopita, Mama akiwa amekwenda kufuatilia mafao yake, pampu zikasimama tena. Mwandishi aliifuata njia peke yake, njia panda baada ya njia panda, mpaka akaikamata hitilafu. Fundi wa pampu akapiga simu kushukuru. Alimshukuru Mama Njiapanda kwa kufundisha vizuri.

Juzi zikaingia kompyuta mpya. Prosesa zake zinaandika njia pamoja na muda wa kila hatua, na nafasi ya kutunzia ni kubwa ajabu. Mama ndiye aliyeziomba, mwaka hadi mwaka, na mwaka hadi mwaka akaambiwa asubiri. Alikuja na kikombe chake, akasoma maandishi ya ubavuni, boksi moja hadi jingine, akaweka kiganja juu ya la juu kabisa. Kisha akamwambia mwandishi, bila kucheka: "Nakuonea wivu, we acha tu. Nimezililia hizi, na wa kuzifungua ni wewe."

Mwandishi alikuwa amejiandaa kwa maneno hayo muda mrefu. Jibu alikuwa nalo, na hata uso wa kulitolea jibu alikuwa nao. Akaviacha vyote viwili. Akatafuta kisu, akampa, akamwomba afungue walau moja. Mama akakirudisha, akasema kitu cha mwenzake yeye hakifungui, na kwamba mzee wake yuko getini. Maboksi mpaka leo yamefungwa, na mkurugenzi ameanza kuuliza.

Mama Njiapanda, kitengo chako kinasema ahsante kwa uvumilivu wako, kwa kicheko chako, na kwa pampu zinazosukuma maji tunapoandika haya. Siku zako za mbele ziwe njema, uwe na afya na usingizi usiokatizwa na simu ya mtu. Wa nyumbani wakutunze. Tumesikia kwamba mjukuu wako mdogo ameshaanza kutamba kuwa sasa bibi ni wake peke yake. Mwambie, kwa heshima zote, mwandishi hajamkubalia.