Mguu wa Bi Costancia
Ndani ya treni kutoka Kilosa, wasafiri wawili mbele yangu walitajiana majina. Bi Costancia wa kijiji cha Ulaya, hapo hapo Kilosa, aliyepooza mguu tangu utotoni, alikuwa amempakata mjukuu wake. Mzee Urbanus alikatwa mkono na mashine ya mkonge.

"Mimi nilirogwa na mke mwenza wa mama," alisema Bi Costancia.

"Hiyo ni polio, dada. Mwaka ule hawakupooza watoto wengine kijijini kwenu?"

"Walipooza wengi. Aliwaroga wote."

Mzee alitafakari. "Mwenye bidii hivyo tungempa uenyekiti wa kijiji cha ujamaa."

Behewa zima tulicheka, isipokuwa Bi Costancia. Treni iliposimama Mikumi, alimfunga mjukuu mgongoni, akauliza njia ya zahanati.

"Unakwenda kufanya nini?" Mzee alimwuliza.

"Apewe matone ya polio. Hirizi anayo tayari."