Marehemu Bertilla Urbano, Mpiga Picha Aliyekataa Mkasi

Baba Paroko, Mjumbe wetu wa nyumba kumi, wazee wangu wa ukoo, shikamooni, majirani wa Milanzi, na nyinyi mliotoka Kirando, Laela na Mtowisa mkaja kutetemeka nasi katika baridi hii ya Juni, mimi ni Agnesi Leonsi, mwalimu wa shule ya msingi na mtoto wa marehemu, nimesimama hapa kwa niaba ya familia niwasomee maisha ya mama yetu, ingawa karatasi niliyopewa na wazee jana mchana nimeisahihisha mahali pamoja, na tukifika hapo nitawaambia mwenyewe, sitajificha.

Marehemu Bertilla Urbano alizaliwa tarehe 14 Septemba 1934 katika kijiji cha Kaengesa, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Urbano, mhunzi, na Mama Silvana, mkulima wa ulezi na maharage, na bibi alikuwa akitusimulia kwamba mtoto yule alizaliwa amekunja ngumi na hakuifungua mpaka siku ya ubatizo, jambo ambalo sisi tuliolelewa naye hatuna sababu ya kulitilia shaka.

Alisoma shule ya misheni hapo Kaengesa kuanzia mwaka 1943 hadi 1947, akaishia darasa la nne, si kwa kukosa akili bali kwa sababu wakati ule msichana wa darasa la nne alihesabiwa kuwa ameshakwiva, na mwaka 1950 akaajiriwa misheni kufua nguo za altare, akawa chini ya Sista Hilaria, ambaye pamoja na kazi nyingine alikuwa akipiga picha za kumbukumbu za parokia. Sista alikuwa na kamera, kipimo cha mwanga na kitabu chenye jedwali la vipimo, lakini jedwali lile lilikuwa limepangwa kwa nyuso za Kizungu, hivyo kila mwaka picha za Komunyo ya Kwanza zilitoka na magauni meupe yaking'aa, juu yake meno, na katikati hamna kitu, wazazi wakawa wanawatambua watoto wao kwa viatu. Mama yetu, akiwa na miaka kumi na sita, mikono bado ina povu la sabuni, aliomba kipimo kile, akaweka mgongo wa mkono wake mwenyewe mbele yake, akasoma mshale, akamwambia Sista apige kwa hesabu hiyo na aachane na kitabu, na mwaka ule Kaengesa ikaona sura za watoto wake kwa mara ya kwanza. Sista Hilaria, Mungu amrehemu, hakuona aibu kufundishwa na mfua nguo wake, akamfundisha naye kupiga na kusafisha picha.

Mwaka 1958 alihamia hapa Sumbawanga, na tarehe 2 Mei 1960 akafungua studio yake katika chumba cha nyuma cha duka la marehemu Bwana Rajabali, muuza vitambaa wa asili ya Kihindi, akawa mwanamke wa kwanza mjini hapa kufanya kazi hiyo, akaifanya kwa miaka ishirini na mitano bila kubadili kanuni yake, yaani mwanga hupimwa kwa uso mweusi kuliko wote waliopo, na akisafisha picha ndani ya chumba cha giza kila uso hupewa mwanga wake, huyu akikingwa kwa kikaratasi, yule akiongezewa, mpaka wote watoke. Walikuwepo wateja waliotaka wang'arishwe kwa penseli ili waonekane weupe, nao aliwajibu kwamba yeye ni mpiga picha, si dobi, na kwamba udobi aliuacha Kaengesa, basi wengine walinuna wakaenda kung'arishwa kwingine, na leo wajukuu zao wanauliza yule mgeni wa ukutani ni nani.

Tarehe 22 Julai 1961 alifunga ndoa takatifu na baba yetu, Leonsi Polikarp, fundi seremala, mtu mpole aliyejua kwamba ameoa radi na hakuwahi kulalamika, wakaishi pamoja hapa Milanzi kwa upendo mpaka baba alipotutangulia tarehe 9 Oktoba 1979.

Sasa tumefika kwenye watoto, na hapa ndipo nilipoisahihisha karatasi, kwa maana iliandikwa kwamba marehemu ameacha mtoto mmoja, nami nimekata neno hilo na kuandika watatu, kwa mkono wangu, kwa wino. Wa kwanza ni mimi, niliyezaliwa tarehe 11 Januari 1964, na wa pili ni Karim, mtoto wa Bwana Rajabali, aliyezaliwa tarehe 3 Februari mwaka huohuo, mama yake akafariki katika kumzaa, na siku ya nne Bwana Rajabali, akiwa hana la kufanya, alibisha hodi kwenye mlango wa studio na kitoto kinacholia, mama akaniondoa ziwa moja akampa yeye, na tangu siku hiyo tukanyonya wawili, huyu kulia, huyu kushoto, kwa mwaka mmoja na nusu, na hata alipoacha ziwa akawa analala kwetu mara nyingi kuliko kwao, kisha baba yake alipofariki mwaka 1974 Karim akahamia kwetu moja kwa moja na kitanda chake. Wa tatu ni Shamsa, binti wa Bwana Salumu, mfanyabiashara wa dagaa wa Kirando, mzee wa asili ya Kiarabu ambaye wengi mnamjua, aliyeletwa kwetu mwaka 1970 akiwa na miaka saba ili asome mjini, na aliyekaa nasi mpaka alipomaliza shule ya msingi mwaka 1977, akisali pamoja nasi, kila mtu kwa dini yake, juu ya chungu kimoja cha maharage. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kama wahenga walikosea basi wazee wangu mnisahihishe, lakini anzeni kwa kuwasahihisha wao.

Ndugu waombolezaji, hakuna namna ya kusoma maisha ya mama bila kusoma habari ya blanketi, hasa kwa vile Bwana Fanueli Mbonile, aliyekuwa ofisa matangazo wa Blanketi la Kipupwe wakati huo, ameacha shughuli zake Mbeya na yuko nasi leo pale kwenye benchi la pili, nami nimemwomba ruhusa asubuhi hii, akasema soma mwanangu, nilistahili. Wakubwa mnalikumbuka tangazo la zamani la blanketi hilo, lenye mtoto wa Kizungu mwenye nywele za dhahabu amelala anatabasamu, likiwa limebandikwa kila duka kutoka Laela hadi Mtowisa, ambako joto lenyewe halitaki blanketi, na wazee wengi hapa walikuwa wakiamini kwa dhati kwamba yule ni mtoto wa mwenye kiwanda. Basi mwezi Mei 1971 kampuni iliona kwamba nchi imebadilika, ikamwandikia mama barua ya kumwomba picha ya watoto wa hapahapa Ufipa kwenye baridi, ila wawe weupe kidogo, kwa kuwa blanketi ni la kahawia na mtoto mweusi hataonekana vizuri juu yake, na mama alijibu kwa mstari mmoja, kwamba kama mtoto haonekani, badilisheni blanketi.

Jumapili ya tarehe 6 Juni 1971, saa tatu asubuhi, baada ya misa ya kwanza, alitulaza watatu kwenye kitanda alichokitengeneza baba, karibu na dirisha, mimi katikati kwa kuwa ndimi mweusi kuliko wote na mwanga ulipimwa kwangu, Shamsa upande wa ukutani na nywele zake zimemwagika kwenye mto, na Karim upande wa dirisha, akiwa ameambiwa alale kama aliyekufa, lakini Karim hajawahi kutulia tangu azaliwe, akapenyeza mkono akalishika bega langu anifinye nicheke, na hapohapo mama akapiga. Hakuwatafuta watoto wa rangi mbalimbali kama mtu anavyochagua vitambaa dukani, alipiga waliokuwa wanalala nyumbani kwake, na ndiyo maana picha ile ilikuwa na uhai ambao hata sisi tulioigiza usingizi tuliushangaa.

Kampuni iliipenda picha, lakini ulikuwa mwaka wa kutaifishwa majengo, mengi yakiwa ya Wahindi, midomo ilikuwa mikali, na wakubwa fulani, ambao leo sitawataja kwa kuwa marehemu hakuwahi kuwapa heshima ya kuwataja, walisema mtoto wa Kihindi hawezi kutangaza blanketi la wananchi, akatwe. Bwana Mbonile alikuja kumweleza mama kwa upole, naye alimjibu akiwa amesimama mlangoni kwamba mtoto huyu amekula kwake tangu siku ya nne ya maisha yake, na kama kula pamoja si ujamaa basi aelezwe ujamaa ni kitu gani, na akamwambia vilevile kwamba jana mlitaka kumwondoa Agnesi kwa kuwa ni mweusi mno, leo Karim kwa kuwa si mweusi vya kutosha, kesho mtamwondoa Shamsa kwa lipi, mbakize blanketi peke yake lijitangaze. Hawakumsikiliza, nakala tayari walikuwa nayo, wakachukua mkasi wakamkata Karim kwa mstari ulionyooka kabisa, wakachapa.

Lakini, ndugu zangu, haraka haraka haina baraka, kwani walimkata Karim wakausahau mkono wake, ukabaki begani kwangu, mkono wa mtoto usio na mtoto, ukitokea pembeni mwa blanketi, na tangazo hilo likabandikwa stendi ya Laela, na hamkuhitaji kuwepo kujua watu wa kwetu walisema nini walipouona. Ilisemwa kwamba ni mkono wa mchawi, kwamba ukilala kwenye blanketi lile unashikwa bega, kina mama wakawa wanavuka barabara ili wasilipite, na kwa kipupwe chote cha mwaka ule watu wa Ufipa, wanaojua baridi kuliko mtu yeyote nchi hii, walijifunika magunia na blanketi lile likaoza dukani. Mwezi Septemba Bwana Mbonile alirudi, safari hii kofia iko mkononi, kuomba filamu yenyewe, ambayo mama alikuwa ameifungia kwenye kopo la kahawa, na mama hakudai malipo ya ziada, alidai karatasi yenye sahihi kwamba picha itatoka nzima, watoto watatu na mikono yao yote sita, na kwamba kampuni haitamkata mtoto yeyote katika tangazo lake tena. Karatasi hiyo ilitiwa sahihi tarehe 20 Septemba 1971, na tangazo zima likakaa madukani mpaka mwaka 1978, na nimewahi kumkuta bibi mmoja Mtowisa amelibandika ukutani karibu na picha ya Bikira Maria, nilipomuuliza kwa nini akasema hao ni watoto wa Sumbawanga.

Afya ya marehemu ilianza kuzorota Agosti 1984, kifua kikiwa kinambana, akalazwa mara mbili hospitalini, akapata nafuu, akarudi studio ingawa alikatazwa, na tarehe 28 Mei mwaka huu alilazwa tena, na huko aliendelea kuwagombeza wauguzi kwa kufunga mapazia na kuupoteza mwanga mzuri, mpaka Jumanne tarehe 11 Juni 1985, saa tano asubuhi, alipoiaga dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na miezi karibu tisa, sisi watatu tukiwa pembeni mwa kitanda. Inaniuma, siwezi kuwaficha, nimesoma tarehe nyingi hapa na hii ndiyo nisiyoweza kuikubali.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kumvumilia, Baba Paroko na wanajumuiya, waumini wa msikiti waliochimba kaburi bega kwa bega na vijana wa parokia, majirani wa Milanzi kwa kuni, unga na machozi, mafundi picha wenzake wa mjini ambao leo wamefunga studio zao, na Bwana Mbonile, aliyekuja na karatasi ile ya mwaka 1971, naye ameniambia nakala aliitunza kwa sababu ilikuwa sahihi pekee aliyowahi kujivunia.

Nimalizie na jambo lililobaki, kwani baada ya masomo haya mtaitwa makundi kwa makundi kupiga picha na jeneza, na kikao cha ukoo kiliamua kwamba likitajwa kundi la watoto wa marehemu nisimame mimi peke yangu, Karim na Shamsa wasimame na majirani. Baba mkubwa Rafaeli, nakuheshimu, wewe ndiwe uliyeniozesha na kunipa radhi, lakini uamuzi huo siutii, tutasimama watatu, na mpiga picha atapima mwanga kwangu kama alivyofanya mama, na asiyetaka kutuona pamoja afumbe macho yake mwenyewe, asituletee mkasi.

Mama, umemaliza kazi, lala, wala usigeuke geuke kutuangalia, maana Shamsa ameshika ukingo wa karatasi hii isipeperushwe na upepo, na mkono wa Karim uko begani kwangu, ila leo hafinyi. Pumzika kwa amani, mwenye watoto watatu.