Kisigino na Nafasi Saba za Cherehani

Kaka yangu, ambaye kiwanda kizima cha viatu kilimwita Kisigino kwa sababu hakupitisha kiatu bila kukigonga mezani, alizaliwa tarehe 12 Agosti 1961, mtoto wa pili wa mwashi na mshona nguo. Alisoma hadi darasa la saba, kisha chuo cha ufundi. Huko nusura afukuzwe: alimvua mgeni rasmi kiatu ili aone mshono wake!

Mwaka 1983 aliajiriwa kiwandani kukata ngozi, baadaye akawa mkaguzi wa viatu. Mwaka 1987 alimwoa fundi wa cherehani wa chumba cha pili, huyu wifi yangu aliyekaa hapa mbele. Kwa kushona wifi hakuwa na mpinzani, hata wasiompenda walikiri.

Mwaka 2004 viatu vya nje vilijaa madukani kwa nusu bei. Kampuni ikaona heri kununua kuliko kushona. Wakaajiriwa wauzaji na watu wa kompyuta. Chumba cha kukatia ngozi kikawa ghala, na akina mama wa cherehani wakaambiwa wasubiri getini kujua hatima yao. Kaka alichukua kiatu kimoja cha nje kilichoshushwa kwenye kontena, akakikunja mbele ya meneja mpaka soli ikabanduka.

"Wateja watavirudisha hivi, bosi. Nani atavishona?"

Meneja akasema, "Nakupa nafasi saba za cherehani. Chagua mwenyewe."

Jamani, getini walikuwa zaidi ya thelathini, na mkewe mmoja wao. Kaka aliwataja saba, wote wanaolea watoto peke yao. Mkewe hakumtaja. Wifi alijifunga kanga, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Nilimpasulia ukweli: "Umewatendea haki wote isipokuwa wa nyumbani kwako!"

Akajibu, "Dada, ningemtaja yeye, nani angeniamini tena?"

Kuanzia hapo chakula alipewa, maneno hakupewa, muda mrefu sana. Iliniuma kuwaona vile.

Mwaka jana figo zilimlemea. Wifi ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamgombeza kila siku. Kaka alifariki Jumatatu, tarehe 4 Machi 2024, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha watoto watatu, wajukuu watano, mimi dada yake, na mafundi wale saba, ambao leo wamelibeba jeneza pamoja na wanawe. Ameacha pia mjane. Jana nilimuuliza wifi niandike nini juu yake. Akasema, "Andika bado nina hasira naye. Na andika ningeolewa naye tena."

Kaka, pumzika kwa amani.