Wimbo wa 276 na Wimbo wa 306

Mwaka huo wa themanini na nne mto wetu hapa Kyuso ulikuwa mchanga mtupu, na maji tuliyachimba. Breki, yaani Mulei wa mkokoteni wa punda, na Simiti, yaani Kivuva fundi wa nyumba, walikuwa na kisima kimoja mtoni. Anayetangulia anachota maji safi. Wa pili anangoja hadi saa nne kijae tena. Waligombana mpaka nikaitwa mimi, Karani, kwa sababu ninaandika vitabu vya kanisa. Nikawapa mchezo niliofunzwa darasa la saba, nilipoishia. Chukua kumi: inagawanyika kwa moja, mbili na tano, jumlisha, ni nane. Nane inatoa moja, mbili na nne: saba. Saba inatoa moja peke yake; imekufa. Basi kila mtu achukue namba ya wimbo kwenye ubao wa kanisa, na namba itakayokufa kwanza, mwenyewe atatangulia kisimani. Simiti akachukua 276, Breki 306. Karatasi ni siri, nazikagua mimi tu. Mpaka hukumu itoke, Breki aendelee kutangulia. Siku ya kumi na tisa tulikuwa kwenye benchi la duka la Dirie, wote wawili wakininunulia kahawa.

— Karani, yangu imepanda tena, Simiti akasema.

— Hata yangu, akasema Breki. Lakini yangu inapanda kwa heshima.

— Wewe na heshima! Punda wako wanakunywa maji ya ng'ombe wangu.

Redio, yaani Kilonzo, ambaye habari zote za soko hupitia kwake, akaingilia:

— Shida ni kwamba mlichukua nyimbo za sifa. Sifa haziishi. Mngechukua za mazishi, zingekuwa zimekufa tangu Jumanne.

— Ati? Simiti akauliza.

— Kabisa! Na zikizidi kupanda hivi, zitavuta mawingu.

— Kwa hivyo nikiacha kuhesabu, mvua inapotea?

— Usijaribu kuacha! Unafikiri kwa nini Mbooni kunanyesha? Kule kuna mtu anahesabu.

Breki alicheka mpaka akamwaga kahawa. Simiti hakucheka.

— Ng'ombe mmoja ameshindwa kusimama leo, akasema. Nimebaki na mmoja, na hii karatasi. Karani, sema ukweli, nani yuko karibu?

— Hesabu haitaki haraka, nikasema, kwa ile sauti ninayosomea matangazo kanisani.

Simiti akaitupa karatasi yake juu ya benchi.

— Nimechoka na siri. Breki, toa yako.

Breki akatoa. Qamar, dadake Dirie, aliyefika jana kutoka Mwingi, alikuja na chupa ya kahawa akaziinua karatasi apate mahali pa kuiweka. Akaziangalia.

— Nauliza tu, wazee. Hii inaanza na 276, hii 306. Mbona chini yake zote ni 396?

Breki akainama kuangalia. Simiti naye.

— Halafu 696, zote mbili. Na hapa. Na hapa. Sasa huyu atamshindaje huyu?

Redio akasogea aone naye.

Wakanigeukia. Mimi nilikuwa nimeliona jambo hilo siku ya pili, nikalihakikisha mara mbili. Nilinyamaza kwa sababu maishani mwangu sikuwa nimewahi kuitwa hakimu. Mungu anajua, na sasa nimewaambia nanyi. Lakini pale benchini niliinua kikombe, nikanywa kwa muda mrefu, nacho kilikuwa kitupu tangu Redio alipoanza habari ya mawingu.